Chumba cha Kupigia Ngoma Bila ya Kumsumbua Jirani

Tangu muhula uliopita wenzangu kadhaa wa bendi ya shule wamekuwa wakiniuliza habari za chumba cha ngoma tulichojenga nyumbani kwetu hapa Juba, na nimesikia kwamba wawili kati yao wamekwisha anza kukusanya trei za mayai. Basi Mhariri aliponitaka niandike nilikubali upesi, kwanza kwa ajili ya hao wa trei, ili waache. Pili nawaandikia wanafunzi wa zamani, maana wao ndio wenye viwanja, na nadhani baadhi yao wana watoto wanaolilia dramu.

Ninaposema dramu nina maana ya zile ngoma za bendi zipigwazo na mtu mmoja aliyeketi: ngoma kubwa ya mguu, ngoma ndogo yenye nyuzi chini yake, ngoma nyingine mbili tatu za kati, na matoazi. Makanisa mengi ya Juba yanazo siku hizi. Husikika Jumapili, lakini mpigaji hawezi kungoja Jumapili. Hapana budi afanye mazoezi kila siku, tena arudie jambo moja mara mia mbili mpaka mkono uzoee. Muziki jirani aweza kuuvumilia. Mazoezi hayavumiliki.

Habari ya trei za mayai imeenea duniani kote, na hata mimi nimeziona zimegandishwa ukutani katika vyumba vya kurekodia nyimbo. Ukiingia chumba cha namna hiyo ukasema neno, unaisikia sauti yako imekuwa kavu, haina mwangwi, nawe wadhani kwamba sauti imezuiwa. Hasha! Kilichopungua ni mwangwi wa ndani, na umepungua kidogo tu. Mtu aliyesimama nje anasikia karibu sawasawa na alivyosikia kabla ya mayai kuliwa. Kuondoa mwangwi ni kazi moja, na kuzuia sauti isitoke ni kazi nyingine kabisa, na kitu kifaacho kazi ya kwanza mara nyingi hakifai ya pili. Kitu laini chenye vitundu vingi, kama sponji au blanketi nene, hunywa mwangwi. Kizuiacho sauti isipite ni kitu kizito.

Sababu yake si ngumu. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ngozi ya ngoma ikipigwa huisukuma hewa, hewa huusukuma ukuta, ukuta nao ukitikisika huisukuma hewa ya upande wa pili, na hapo jirani amekwisha kusikia. Ukuta mwepesi hutikisika kwa urahisi, na ukuta mzito hukataa. Wataalamu wana kanuni yao: ukizidisha uzito wa ukuta mara mbili, sauti ipitayo hupungua kwa desibeli 6 hivi. Desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti, nacho ni kipimo cha ajabu kidogo, maana hakihesabiki kama kilo au futi. Desibeli 10 zikipungua, sikio huona kana kwamba sauti imebaki nusu. Mazungumzo ya kawaida ni desibeli 60 hivi. Dramu zikipigwa kwa nguvu hufika 100 hadi 110 masikioni mwa mpigaji.

Sasa tazameni nyumba zetu. Ukuta wa nusu tofali la kuchoma, pamoja na plasta yake, una uzito wa kilo 200 na zaidi kwa kila mita moja ya mraba. Bati la paa lina kilo 3 au 4 tu. Huko Gudele, Munuki na kwingineko mjini watu wengi hujenga ukuta mzuri wa kilo 200, kisha huufunika kwa kilo 4. Sauti haina haja ya kubishana na ukuta. Hupanda juu ikaenda zake. Aliyekaa darasani chini ya bati mvua ya Agosti ikinyesha, mpaka mwalimu akaweka chaki chini na kungoja, anajua bati ni kitu gani.

Kuna kanuni ya pili, nayo ndiyo ngumu kwa wapigaji ngoma: sauti nyembamba huzuilika upesi, lakini sauti nene haizuiliki kwa urahisi. Hewa ya Juba ikiwa na joto la digrii 35, sauti husafiri mita 352 hivi kwa sekunde moja. Tuseme ngoma kubwa ya mguu inatikisika mara 60 kwa sekunde. Gawanya, utaona kwamba wimbi lake moja lina urefu wa karibu mita 6. Mlio wa matoazi waweza kutikisika mara 5,000 kwa sekunde, na wimbi lake ni sentimita 7. Godoro la sentimita 10 laweza kupambana na wimbi la sentimita 7. Wimbi la mita 6 halijui hata kwamba godoro lipo.

Wazee wetu hawakuwa na hesabu hizi, lakini waliitumia kanuni yenyewe. Wazande walichonga ngoma za gogo, zisizo na ngozi: gogo huchimbwa ndani kupitia upenyo mwembamba wa juu, na shavu moja huachwa nene kuliko la pili ili zipatikane sauti mbili, ya juu na ya chini. Kwa sauti hizo mbili habari ilipelekwa kutoka kijiji hadi kijiji. Moja ya ngoma za aina hiyo zinazojulikana sana imo katika jumba la makumbusho la British Museum huko London. Imechongwa kwa umbo la ndama, urefu wake ni zaidi ya mita 2 na nusu, na ilichukuliwa na jeshi la Kitchener baada ya vita vya Omdurman mwaka 1898, kisha Kitchener akampa Malkia Victoria. Fundi aliyeichonga alikuwa na nia moja: sauti ifike mbali. Mimi nataka kinyume chake, na nashindana na ufundi ule ule.

Niseme sasa kwa nini jambo hili si mchezo katika mji wetu. Kwa kuwa kuta nyepesi na mabati huzuia sauti nyembamba na kuiachilia ile nene, jirani hasikii ngoma kama aisikiavyo mpigaji. Mlio wa matoazi na mtetemo wa zile nyuzi, ambavyo ndivyo vinavyomjulisha mtu kwamba huu ni muziki, hufifia njiani. Kinachomfikia ni vishindo vitupu, vifupi, vikavu. Katika mji mwingine vishindo hivyo ni usumbufu tu. Juba ilipigana Desemba 2013, ikapigana tena Julai 2016, na waliokuwapo hawajasahau walivyosikia.

Nyuma ya ua wetu anakaa bibi mmoja pamoja na wajukuu wake wanne. Mwezi ule wa Julai alilala sakafuni siku tatu. Dramu zilipoletwa nyumbani, zilipigwa jioni baada ya chakula, na asubuhi yake bibi huyo akaja kumwona baba. Hakuja kugomba. Alikunywa chai, akasema kwamba usiku ule aliwaingiza watoto chini ya kitanda, na kwamba aliye mdogo kabisa, ambaye mwaka 2016 hakuwa amezaliwa, aliuliza kwa nini, naye hakutaka kumjibu. Akaaga. Baba akazifunika dramu kwa turubai siku ile ile, akasema zitafunuliwa siku zitakapokuwa hazisikiki. Baba ni mtu wa neno moja.

Tulikuwa na stoo ya matofali ya kuchoma nyuma ya nyumba, ndani yake urefu wa mita 4.3 na upana wa mita 3.7, paa la bati. Mama ni mtu wa Mombasa, na ndugu yake, yaani mjomba wangu, ni fundi mwashi aliyekuja Juba kufuata kazi za ujenzi, kama walivyokuja Wakenya wengi. Nilipomweleza habari za desibeli alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mpwa wangu, hayo yote maana yake unataka nyumba ya mawe ya Lamu." Alikuwa na haki. Nyumba za kale za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja zina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kama urefu wa mkono, na dari yake si mbao nyembamba bali ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe na chokaa iliyopigwa mpaka ikashikana. Ndiyo maana vyumba vile ni vyembamba: upana wake haupiti urefu wa boriti. Mtu akiwa ndani ya chumba cha namna ile hasikii kelele za kichochoroni. Nao Wagogo wa Tanzania ya kati walijenga tembe zao kwa akili iyo hiyo, paa la magogo na udongo juu yake.

Basi tukakubaliana kujenga chumba ndani ya chumba. Shauri hili ndilo watumialo wajenzi wa studio kubwa, na maana yake ni hii. Ukitia kuta mbili zilizogandana huwa ukuta mmoja mnene, nawe utapata zile desibeli 6 tu. Lakini ukiacha nafasi ya hewa katikati, mtikisiko wa ukuta wa ndani sharti uvuke hewa kabla ya kuufikia ule wa nje, na hewa ni kama chemchemi laini, haibebi mtikisiko vizuri. Faida huwa kubwa kuliko uzito peke yake. Sharti lake ni moja, nalo ni kali: kuta hizo mbili zisigusane mahali popote. Hata donge moja la udongo likikwama katikati huwa daraja, na sauti itavuka juu yake kwa miguu mikavu.

Ukuta wa ndani tuliujenga kwa matofali mabichi tuliyofyatua wenyewe katika likizo ya kiangazi, 650 kwa jumla, kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa. Unene wake ni sentimita 15, na tuliacha sentimita 10 baina yake na ukuta wa stoo. Wengine watacheka kwamba tumejenga kwa matope wakati mji mzima unakimbilia saruji. Kwa sauti, udongo hauna upungufu. Unene huo una kilo 250 kwa mita ya mraba, hauhitaji lori kutoka Nimule, na sauti haiulizi bei. Kazi kubwa ilikuwa kumzoeza msaidizi wa mjomba asijaze ile nafasi. Mwashi mwema huona aibu kuacha uwazi ukutani, na kila tulipogeuka alikuwa ametia konzi ya udongo. Mjomba akapata dawa: alining'iniza ubao mwembamba ndani ya nafasi kwa kamba mbili, kila kilichodondoka kikaangukia ubaoni, na kila baada ya safu mbili tatu ubao ulivutwa juu ukasafishwa.

Kisha dari, ambayo ndiyo roho ya kazi yote. Mikoko hatuna, tukatumia mvumo, ule mnazi mwitu mrefu wenye uvimbe kiunoni, ambao kwa Kiarabu huitwa duleib; mahali paitwapo Doleib Hill karibu na Malakal pamepata jina kwa mti huo. Mvumo uliokomaa ni mgumu, tena mchwa hawaupendi. (Mjomba alifurahi mno kwamba tutazuia mvumo kwa mvumo, akarudia maneno hayo kwa kila mgeni.) Boriti 11 zilipangwa kwa upana wa chumba, kila moja umbali wa sentimita 40 na mwenzake, zikakalia ukuta wa udongo peke yake pasipo kuugusa ule wa nje. Juu yake tukatandika mianzi iliyopasuliwa, kisha majamvi ya mafunjo, kisha udongo kwa tabaka tatu mpaka ukafika sentimita 10. Kila tabaka liliachwa likauke, nyufa zikazibwa, ndipo la pili likaja.

Hapa nawasihi mnisikilize. Dari hiyo ina eneo la mita za mraba 14 hivi, na kila mita ina kilo 160 za udongo. Pigeni hesabu: ni zaidi ya tani 2 zinazoning'inia juu ya kichwa cha mtu. Mwanafunzi asijaribu kazi hii na wanafunzi wenzake. Fundi mzoefu sharti achague boriti moja moja, azigonge, aone kama zina ufa, na ukuta wa chini uwe umekauka barabara. Bati la zamani lilibaki juu ya yote kukinga mvua, maana udongo ukilowa huzidi uzito na kupoteza nguvu.

Ukishamaliza kuta na dari utajiona umeshinda, na hapo ndipo sauti itakapokucheka kupitia mlangoni. Chukua ukuta wa mita za mraba 10. Ukiwa na tundu la sehemu moja katika elfu, yaani sentimita za mraba 100, basi ukuta huo hata uwe wa chuma hautapunguza sauti zaidi ya desibeli 30. Sentimita za mraba 100 ni nini? Ni ufa wa chini ya mlango wenye upana wa sentimita 80, ukiwa wazi kiasi cha unene wa kidole tu. Kazi ya mwezi mzima yaweza kutokea hapo.

Tulitia milango miwili, mmoja katika kila ukuta. Wa ndani ni kama sanduku la mbao za mtiki na mbao nyembamba, katikati mmejazwa mchanga mkavu wa mtoni, unene wa sentimita 3. Uzito wake ni kilo 65 na zaidi, kwa hiyo bawaba ni tatu, tena za geti. Mchanga ni mzuri kwa sababu punje zake husuguana na kuua mtikisiko. Kando zote za milango zina ukanda wa mpira uliokatwa katika tyubu za bodaboda, na chini kuna kizingiti cha mbao ambacho mlango hukigonga na kukibana. Tyubu hizo mafundi wa pancha walitupa bure. Ili kujua kama pamezibika, ingia ndani mchana, funga milango, ngoja macho yazoee giza. Uonapo mwanga, sauti nayo imepaona.

Lakini mtu hawezi kuzibwa kama chupa, hasa Juba mwezi wa Machi. Mpiga ngoma anayetoka jasho hutoa joto kama la balbu kadhaa za zamani, na chumba kisicho na hewa humshinda kabla ya nusu saa. Kwa hiyo tulijenga njia mbili za hewa: moja yaingiza kutoka upande wa kivuli, karibu na sakafu, na moja yatoa karibu na dari upande wa pili. Kila moja ni sanduku refu la mbao nzito lenye urefu wa mita 2, ndani limepindwa mara nne kama njia ya nyoka na kutandikwa sponji la godoro kuukuu. Hewa hupinda bila taabu. Sauti ikipinda hugonga sponji, na kila kona huacha kitu. Katika nafasi baina ya kuta, masanduku hayo yameunganishwa kwa kipande cha tyubu ya lori, ili yasiwe daraja. Feni ndogo ya betri ya sola huvuta hewa nje. Nami nasema kwa herufi kubwa kama ningeweza: jenereta isiwekwe karibu na tundu la kuingizia hewa, wala katika chumba chochote. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, ambayo huua mtu akiwa amesinzia tu.

Sakafu nilidhani haina neno, maana ni ardhi. Lakini ngoma ya mguu hupiga chini pia, na kishindo hupita ardhini mpaka msingi wa nyumba. Mjomba akashona jukwaa la mbao mbili nzito zilizopigiliwa pamoja, nasi tukalilaza juu ya tyubu nne za pikipiki zilizotiwa pumzi kidogo tu, zisikaze. Mpigaji hukaa na dramu zake juu ya jukwaa hilo. Siku ya kwanza utajiona kama umo ndani ya mtumbwi, lakini mwili huzoea, na upepo ule hauachi kishindo kishuke.

Ndani ya chumba ndipo mahali pa vitu laini. Tulitundika mablanketi mazito yaliyokunjwa, na majamvi ya mafunjo mbali kidogo na ukuta, na godoro moja kila pembe. Bila hivyo sauti iliyokatazwa kutoka hurudi yote kwa mpigaji. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulidharau. Madaktari wa kazi huhesabu kwamba sikio laweza kuvumilia desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda hukatwa nusu. Fuateni hesabu hiyo, mtafika kwamba desibeli 100 ni robo saa tu. Nyuzi za masikio zilizokufa hazioti tena. Mimi siketi jukwaani bila vizibo vya masikio, na atakayekuja kupiga kwetu atavivaa pia.

Ilipofika siku ya majaribio baba alisimama uani na simu yenye programu ya kupimia sauti. Simu si chombo cha maabara, lakini kwa kulinganisha yafaa. Zamani, dramu zikiwa stooni chini ya bati, simu ilionyesha 80 penye ua wa bibi. Safari hii nilipiga kwa nguvu zangu zote, ndani ikionyesha 106, na penye ua simu haikuweza kutenga ngoma na jenereta ya jirani wa tatu: 47, nikipiga au nisipopiga. Baba hakuridhika na simu. Alikwenda kwa bibi, akaomba kiti, akakaa naye mlangoni saa moja usiku mimi nikiendelea. Bibi alisema kwamba jenereta ikizimwa anasikia mbali, kama mtu anayetwanga nyumba ya nne. Matoazi hasikii kabisa. Wajukuu walikuwa wakicheza mbele yao.

Hicho kitwangio ni ile sauti nene ya mita 6, na kwa mali tuliyo nayo hatutaiondoa yote. Kwa hiyo tuliwekeana saa na bibi mwenyewe: mwisho saa mbili usiku, na Jumapili mchana kimya, kwa kuwa hulala. Chumba hakiondoi haja ya kuulizana.

Asiye na stoo wala mjomba asikate tamaa. Kipande cha tairi kilichogandishwa juu ya ubao hufundisha mikono vizuri mno, nacho hakimwamshi mtoto mchanga. Mimi nilijifunza hivyo miezi yote ile turubai lilipokuwa juu ya dramu, na mwalimu wa bendi ameona tofauti katika mkono wangu wa kushoto. Lakini mguu haujifunzi juu ya tairi, na masikio hayajifunzi kupatanisha ngoma na matoazi. Kwa hayo chumba chahitajika.

Mwenye kutaka kukiona aje Jumamosi baada ya saa tisa. Wanafunzi wa zamani wenye hamu ya kujenga waje na vipimo vya mahali pao, mjomba atawapigia hesabu ya boriti. Wapigaji waje na mikwiro yao wenyewe, maana yangu imebaki jozi moja, na mmoja wao una ufa.